Bakteria ni wale wale, maji ndiyo tofauti: fosforasi ya majitaka Kigoma na Tabora

Kigoma na Tabora zimeunganishwa na Reli ya Kati tangu enzi za Mjerumani, lakini ukifungua bomba hazifanani hata kidogo. Kigoma inakunywa Ziwa Tanganyika. Tabora, iliyokuwa ikitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, siku hizi inapata maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele, upande wa Mwanza. Mpe mhandisi mchoro mmoja wa mtambo wa kuondoa fosforasi kwa kutumia bakteria, aujenge katika miji yote miwili, kisha atie humo tope lile lile lenye bakteria. Baada ya miezi michache atakuwa na mitambo yenye tabia mbili, na mwendeshaji wa mmoja atakuwa analalamika kwamba wadudu wamekufa. Mara nyingi wadudu hawajafa. Kuna kitu maji yamewanyima.

Mtambo wa namna hiyo kwetu bado ni wa kufikirika. Kaya nyingi za miji hii hutumia vyoo vya shimo na makaro, gari la kunyonya linakuja karo likijaa, na njia iliyozoeleka zaidi nchini ya kusafisha majitaka ni mabwawa. Ila miji inakua, na kemia ya maji ni afadhali ijulikane kabla zege halijamwagwa.

Fosforasi yenyewe si sumu. Tunaila kwenye dagaa, maharage na mahindi, na mtu mzima huitoa kama gramu 1 hadi 1.5 kwa siku, sehemu kubwa kupitia mkojo. Shida inaanza ikifika ziwani. Katika maji matamu mara nyingi ndiyo kirutubisho kinachokosekana, kwa hiyo ikiongezeka kidogo tu mwani hustawi kupita kiasi: gramu 1 ya fosforasi inaweza kuzaa takriban gramu 100 za mwani mkavu. Waliokaa Mwanza wanajua maji ya kijani yakoje, na magugu maji yakoje. Ziwa Tanganyika limeepuka hali hiyo mpaka leo kwa sababu ya umbile lake. Lina kina cha mita 1,470, na hewa ya oksijeni haishuki chini zaidi ya mita 100 hadi 200 za juu. Rutuba nyingi imefungiwa huko gizani, ikipandishwa kidogo kidogo pepo za kusi zinapovuma wakati wa kiangazi. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi hutoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi fosforasi. Kinachoingia kinabaki.

Bakteria wanafanya nini hasa

Mwaka 1959 watafiti nchini India waliripoti kwamba tope la mitambo fulani ya majitaka lilikuwa likinyonya fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, nyingi kuliko bakteria wa kawaida wanavyohitaji. Kilichogeuza jambo hilo kuwa ufundi kilitokea hapa hapa Afrika: mwanzoni mwa miaka ya 1970, James Barnard alikuwa akifanya majaribio katika mtambo wa Daspoort, Pretoria, akaona kwamba fosforasi hutoweka vizuri pale tope linapopitishwa kwanza mahali pasipo na hewa wala naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni), ndipo lipelekwe penye hewa. Mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa mitambo ya aina hii duniani leo.

Bakteria wanaohusika zaidi ni wa kundi linaloitwa Accumulibacter. Hapa nitawaita walimbikizaji. Katika tanki la kwanza, lisilo na hewa, wanakuta asidi nyepesi zitokanazo na uchachukaji wa uchafu, hasa asidi ya siki. Bakteria wengi hawawezi kuila bila oksijeni. Mlimbikizaji anaweza, kwa sababu ndani ya mwili wake ana minyororo ya fosfeti inayofanya kazi kama betri: anaikata, nguvu inatoka, anavuta ile asidi na kuihifadhi kama mafuta. Vipande vya fosfeti vilivyokatwa anavimwaga nje. Kwa hiyo katika tanki la kwanza fosfeti majini hupanda badala ya kushuka, inaweza kufika miligramu 30 au 40 kwa lita wakati majitaka yaliyoingia yalikuwa na 10 tu. Mgeni akipima hapo atadhani mtambo umeharibika.

Tanki la pili lina hewa. Hapo mlimbikizaji anachoma yale mafuta, anazaliana, na kurudisha fosfeti ndani kuunda minyororo upya, safari hii akichukua zaidi ya alichomwaga. Tope la kawaida lina fosforasi kama asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake mkavu, wakati tope la mtambo huu hufika asilimia 5 hadi 7. Kisha sehemu ya tope inatolewa kila siku. Ndiyo njia pekee ya kutoka, maana fosforasi haigeuki gesi ikaruka kama naitrojeni.

Magnesiamu na potasiamu

Mnyororo wa fosfeti una chaji hasi, na chembe hai haiwezi kukaa na rundo la chaji hasi lisilo na wa kulisawazisha. Kwa hiyo kila fosfeti inapoingia, inaingia pamoja na madini ya chaji chanya, hasa magnesiamu na potasiamu. Inapotoka, nayo hutoka. Kwa kila miligramu 1 ya fosforasi iliyofungwa zinahitajika takriban miligramu 0.26 za magnesiamu na 0.42 za potasiamu. Majaribio ya maabara yameonyesha wazi: punguza potasiamu kupita kiasi, na unyonyaji wa fosfeti unaharibika hata kama chakula na hewa vipo tele.

Sasa tazama maziwa yetu. Ziwa Tanganyika lina magnesiamu karibu miligramu 40 kwa lita na potasiamu karibu 30. Sehemu kubwa ya utajiri huo inaletwa na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, lililokaa katikati ya miamba ya volkano. Ziwa Victoria linajazwa zaidi na mvua, nayo mvua haina chumvi: magnesiamu ni miligramu 2 hadi 3, potasiamu kama 4. Kuondoa miligramu 10 za fosforasi kunahitaji magnesiamu 2.6 na potasiamu 4.2. Kigoma haina haja hata ya kupiga hesabu. Tabora inabidi ipige.

Nisitie chumvi, lakini. Majitaka si maji ya bomba. Mwili wa binadamu hutoa potasiamu ya kutosha, gramu 2 au zaidi kwa siku, kwa hiyo majitaka ya majumbani Tabora hayatakosa potasiamu. Magnesiamu ndiyo yenye nafasi finyu: ile ya ziwani ni kidogo, na ile ya mwilini ni kidogo pia. Kwa kawaida itatosha. Ila kikiingia kiwanda chenye majitaka yenye fosforasi nyingi na magnesiamu kidogo, kwa mfano kinachotumia sabuni nyingi za fosfeti kuoshea vyombo, ile akiba inaisha, na hakuna anayeona kwa macho. Maji yatakuwa meupe, tope litatuama vizuri, na fosfeti itapita.

Hesabu ya asidi

Hapa ndipo tofauti ya miji hii inapouma zaidi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) karibu 9, na uwezo wake wa kupokea asidi bila pH kuporomoka, yaani ualkali, ni kama miligramu 330 kwa lita ukipimwa kama kaboneti ya kalsiamu. Victoria ni kama 50. Mtu anaweza kusema pH 9 ni kali mno kwa bakteria, lakini maji hayafiki mtamboni yakiwa na 9. Yakishapita jikoni na chooni na kulala kwenye bomba, kaboni daioksaidi na asidi za uchachukaji zinayashusha. Kinachosafiri nayo hadi mwisho ni ule ualkali.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mtambo wenye hewa hauishii kwenye fosforasi. Bakteria wengine humo humo wanageuza amonia kuwa naitreti, na kazi hiyo inazalisha asidi. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula miligramu 7.14 za ualkali. Mkojo ukioza unarudisha nusu, 3.57, kabla hata ya kufika mtamboni. Chukua majitaka yenye naitrojeni miligramu 50 kwa lita, yote ikitokana na mkojo. Mkojo unaongeza 178, ugeuzaji unakula 357. Upungufu ni 179. Kigoma inaanza na 330, inabaki na 150 hivi, pH imetulia. Tabora inaanza na 50. Inafilisika kabla kazi haijaisha, pH inaanguka chini ya 6.5, wageuza amonia wanazubaa, na walimbikizaji wanaingia katika ugomvi wasioweza kuushinda.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kuna bakteria wengine wanaoweza kula asidi ya siki bila hewa, wakitumia sukari waliyoihifadhi mwilini badala ya fosfeti. Wanakula chakula kile kile, hawaondoi fosforasi hata chembe. Kwa jicho la mwendeshaji ni wageni waliokuja harusini, wakala, wakaondoka bila kutunza. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba pH ya tanki lisilo na hewa ikiwa juu ya 7.25 hivi, walimbikizaji wanapata nafasi nzuri zaidi. Sababu ni gharama ya kuvuta asidi: maji ya nje yanapokuwa na pH kubwa, kuingiza asidi ndani kunahitaji nguvu zaidi, na mlimbikizaji ana minyororo yake ya kulipia. Mpinzani mwenye sukari peke yake hulemewa.

Jambo hilo hilo huwachanganya wengi wanaposoma vipimo. Kwa kiasi kile kile cha asidi ya siki, fosfeti inayomwagwa pH ikiwa 8.5 ni takriban mara tatu ya ile ya pH 5.5. Kwa hiyo mtambo wa Kigoma ukionyesha fosfeti nyingi katika tanki la kwanza kuliko wa Tabora, si ushahidi kwamba wa Kigoma una walimbikizaji wengi zaidi. Huenda wanalipa tu nauli kubwa.

Kuhusu joto, miji yote miwili iko mahali pagumu. Wapinzani wanapenda joto, na vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi wanaoonya kwamba juu ya nyuzi 25 mambo huharibika. Singapore ina majitaka ya nyuzi 28 hadi 32 na bado mitambo yake imeweza kuondoa fosforasi kwa njia hii. Inawezekana, ila huna pa kujikwaa, na ndiyo maana pH ya Tanganyika ningeihesabu kuwa mali.

Kupanda sana nako kuna hasara. Kadiri pH inavyokaribia 9 ndivyo amonia nyingi zaidi inavyogeuka kuwa ile ya gesi, inayochoma pua kwenye choo cha stendi, na hiyo huwadhuru bakteria hawa.

Naitreti na chakula

Kemia yote ya ziwa haisaidii naitreti ikirudi mahali pasipotakiwa. Tope linaporudishwa kutoka mwisho wa mtambo hadi tanki la kwanza, linabeba naitreti. Bakteria wa kawaida wanaitumia badala ya oksijeni na kula zile asidi nyepesi kabla mlimbikizaji hajazigusa. Kuondoa miligramu 1 tu ya fosforasi kunahitaji asidi nyepesi miligramu 7 hadi 10, na kila miligramu 1 ya naitrojeni ya naitreti inayorudi inapoteza chakula cha kiasi cha miligramu 5 hadi 8. Ukirudisha miligramu 10 umewanyang'anya walimbikizaji karibu sahani nzima. Hewa inayoingizwa na pampu inayomwaga maji kwa kishindo inafanya uharibifu huo huo.

Dawa ni tanki la katikati ambamo naitreti inageuzwa gesi ya naitrojeni. Kwa Tabora tanki hilo lina faida mbili, maana ugeuzaji huo unarudisha ualkali miligramu 3.57 kwa kila miligramu ya naitrojeni. Ukirudi kwenye hesabu ya juu utaona kwamba ndiyo nusu iliyokuwa imepotea. Mbunifu anayelikata tanki hilo ili kupunguza gharama anaweza akalivumilia kosa lake Kigoma kwa muda. Tabora litamuumbua mapema.

Chakula chenyewe hakina shida kubwa kwetu: bomba la majitaka lenye joto ni kiwanda cha uchachushaji. Sulfeti nayo, ambayo hulisha bakteria watoa harufu ya yai bovu na kugombania asidi zile zile, ni kidogo katika maziwa yote mawili. Hong Kong, wanaosafishia vyoo kwa maji ya bahari, hawana bahati hiyo.

Jaribio la siki

Kujua kama walimbikizaji wapo hakuhitaji maabara ya kifahari, ila kinahitajika kipimo cha fosfeti cha kubadilisha rangi. Chota lita 10 za tope kwenye ndoo yenye mfuniko, liache litulie mpaka naitreti iishe, pima fosfeti. Weka siki ya dukani yenye asidi asilimia 5, mililita 20, yaani kijiko kikubwa kimoja na kidogo kimoja. Koroga taratibu bila kuingiza hewa, pima tena kila nusu saa kwa saa mbili. Fosfeti ikipanda kwa nguvu, walimbikizaji wapo na wana akiba. Isipopanda wakati siki inatoweka, wapinzani wameshika mtambo.

Ila pima na pH. Siki hiyo inaweka asidi kama milimoli 1.7 kwa lita (milimoli huhesabu chembe badala ya uzito). Maji yenye ualkali wa Tanganyika, ile 330 ya juu, sawa na milimoli 6.6, yatashuka hadi karibu 6.8 tu. Maji yenye ualkali wa Victoria, milimoli 1, yatashuka chini ya 5, na utawahukumu bakteria kwa kosa la siki. Tabora siki hiyo ipozwe kwanza na magadi ya kuokea mpaka iache kutoa povu.

Magadi hayo hayo ndiyo ningeyachagua pia mtambo wa Tabora ukihitaji kuongezewa ualkali. Chokaa ni rahisi zaidi na inapatikana kila mahali, lakini inaleta kalsiamu, nayo kalsiamu hukamata fosfeti kikemia kabla bakteria hawajaipata. Ukiendelea hivyo tope linageuka la mawe, na walimbikizaji wanapoteza akiba yao kidogo kidogo. Shabu, ambayo mafundi wengi huikimbilia fosfeti ikigoma kushuka, kweli huishusha, ila nayo inakula ualkali. Mahali penye 50 tu, shabu ni mkopo wa riba kubwa.

Deni la Kigoma

Mpaka hapa Kigoma inaonekana imependelewa. Bili yake inakuja baadaye, kwenye tope. Tope lililojaa fosforasi likiwekwa kwenye tanki la kuozesha ili litoe gesi ya kupikia, walimbikizaji wanafia humo na kumwaga kila kitu: fosfeti, magnesiamu, potasiamu. Amonia ipo tele. Fosfeti, magnesiamu na amonia vikikutana, pH ikipanda, huganda kuwa fuwele nyeupe ngumu inayoitwa struvaiti. Inapenda kona za bomba, midomo ya pampu na mahali maji yanapoanguka, kwa sababu hapo kaboni daioksaidi inatoroka na pH inapanda. Bomba la inchi nne linaweza kubaki na tundu la kupitisha kidole. Nyundo inavunja bomba kabla ya kuvunja ukoko, asidi ndiyo inayouyeyusha.

Katika mitambo mingi duniani magnesiamu ndiyo inayokuwa pungufu, kwa hiyo ukoko unakoma wenyewe. Maji ya Tanganyika yanaondoa breki hiyo: magnesiamu iliyomo katika lita 1 inatosha kufunga fosforasi kama miligramu 50. Hata mkojo wa choo cha umma, ukiozea kwenye bomba na kuchanganyika na maji ya kusafishia, unaacha ukoko wa aina hiyo. Fundi bomba wa Kigoma anayeukwangua kwenye choo cha wanaume anakwangua, kwa sehemu, Mto Ruzizi.

Tope la Kigoma linahitaji mabomba mafupi, kona chache, viungo vinavyofunguka, na tanki dogo la kugandishia struvaiti kwa makusudi kabla haijaganda inapotaka. Nchi nyingine hununua kloraidi ya magnesiamu kwa kazi hiyo. Hapa sehemu kubwa ya magnesiamu inaletwa bure na bomba. Fuwele zikikaushwa ni mbolea inayoyeyuka polepole, yenye naitrojeni, fosforasi na magnesiamu kwa pamoja, na udongo mwekundu wenye asidi hauwezi kuifunga fosforasi yake kwa haraka kama unavyofunga ile ya mbolea inayoyeyuka mara moja. Wakulima wa huku wananunua fosfeti iliyosafirishwa kutoka mbali, nyingine kutoka Minjingu, Manyara. Tabora nayo ikitaka struvaiti itaipata, ila magnesiamu italazimika kuinunua, kwa hiyo bei ya gunia lake haiwezi kuwa ya Kigoma.